Haut-Lomami: Risasi fupi ya kisasa inatosha kumwangusha nyati?

KAMINA – Mwindaji aliyempiga nyati vibaya mara nyingi anarudi nyumbani mzima. Anayelipa ni mwingine: mama anayeamka alfajiri kwenda shamba la mihogo, kijana anayesukuma baiskeli ya makala katika kijia cha majani marefu, mvuvi anayepita pembeni ya matete. Nyati mwenye risasi tumboni anaweza kuingia kichakani, akageuka kuangalia njia aliyopitia, akasimama kimya. Anaweza kukaa hivyo siku nzima, na hachagui ni nani wa kumrukia.

Kwa sababu hiyo swali la aina ya risasi, ambalo kwingine ni mazungumzo ya watu wenye pesa na wakati, katika jimbo la Haut-Lomami ni swali la usalama wa watu. Na swali hilo limepata sura mpya. Tangu 2001 makampuni ya Marekani yanauza jamii ya risasi za kuwindia zilizo fupi na nene, zinazosifiwa kwamba zina nguvu ya zile ndefu za zamani ndani ya bunduki ndogo na nyepesi. Mtu anayesoma sifa hizo anajiuliza: kwa nini kuendelea kubeba bunduki nzito ya wazee?

Katika nchi ya Waluba uwindaji si jambo la wageni. Masimulizi ya ufalme yanaanza na mwindaji: Mbidi Kiluwe, aliyetoka mashariki akifuata wanyama, akafika kwa Nkongolo, na mtoto wake Kalala Ilunga ndiye aliyechukua utawala. Mbidi alikuwa na upinde. Wajukuu zake wa leo, kuanzia Kamina mpaka Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu, wana bunduki, na sehemu kubwa ya bunduki hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya mnyama mwenye kilo 700.

Ganda fupi, tumbo nene

Maarufu kuliko zote katika jamii hiyo mpya ni .300 Winchester Short Magnum, inayoandikwa kwa kifupi .300 WSM. Ganda lake la shaba lina urefu wa milimita 53 tu, lakini unene wake ni milimita 14. Dada yake mkubwa, .300 Winchester Magnum ya 1963, ana ganda la milimita 66 na kidogo. Zote mbili zinasukuma kichwa cha risasi cha milimita 7.8, chenye uzito wa gramu 11.7, kwa mwendo unaozidi kidogo mita 900 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, fupi inafanya karibu kazi ileile ya ndefu, na inatumia baruti pungufu.

Siri, kama ni siri, iko katika umbo. Baruti iliyokaa kwa upana, karibu na fataki inayoiwasha, inaungua pamoja na kwa usawa kuliko baruti iliyopangwa ndani ya bomba refu jembamba. Wazo hilo halikutoka kwa wawindaji. Lilitoka kwa Wamarekani wanaoshindana kulenga karatasi, ambao katika miaka ya 1970 walitengeneza risasi ndogo nene iitwayo 6 PPC na kuanza kushinda kila mahali. Ganda likiwa fupi, sehemu ya chuma inayolisukuma ndani ya mtutu nayo inakuwa fupi, na bunduki inapungua uzito.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana: ganda hilo la kisasa lina damu ya Afrika. Walioichora .300 WSM walianzia kwenye ganda la .404 Jeffery, risasi ya Kiingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20 ambayo idara za wanyama za Tanganyika na Kenya ziliwapa askari wao kwa ajili ya tembo na nyati wanaovamia mashamba. Walichukua upana wake, wakalikata urefu, wakalibana shingo. Yaani kopo la mjomba limekatwa na kupewa kichwa kidogo zaidi.

Jamii hiyo ilijaa haraka. Zilikuja .270 WSM, 7 mm WSM na .325 WSM, Remington nayo ikatoa fupi zake mbili, mwaka 2008 Ruger na Hornady wakaongeza zao. Leo nyingi kati ya hizo ni shida kuzipata hata Marekani kwenyewe. Zilizobaki na nguvu sokoni ni .300 na .270. Mtu aliyenunua 7 mm WSM kwa sababu ya gazeti la mwaka 2002 anajua uchungu wake.

Risasi fupi ambayo kila mtu anaijua

Lakini risasi fupi inayojulikana Kamina haina jina la Winchester. Ni ya Kalashnikov. Ganda lake lina milimita 39, kichwa chake gramu 8, na kinatoka kwa mwendo wa mita 715 hivi kwa sekunde. Nguvu yake kwenye mdomo wa mtutu ni karibu jouli 2,000. Ilitengenezwa kumwumiza mtu kwa umbali wa vita, na vita vya 1996 mpaka 2003 viliisambaza Katanga nzima.

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inakataza kuwinda kwa silaha za vita. Wengi wanadhani katazo hilo ni la usalama wa serikali tu. Mwindaji anayejua kazi yake analiona pia kwa upande wa mnyama. Risasi ya Kalashnikov yenye ngozi ya chuma inapita katika nyama ya nyati kama msumari, inaacha tundu dogo, damu haitoki nje ya kutosha kuacha alama, na mnyama anatembea kilomita nyingi kabla ya kulala. Mfupa wa bega ukiwa njiani, risasi inaweza kugeuka na isifike moyoni kabisa. Ndiyo maana wenye silaha hizo wanapiga nyingi mfululizo. Kundi linakimbia na majeruhi wake.

Ile bunduki kubwa ya Wabelgiji, FAL ya kiwanda cha FN cha Herstal, ina nguvu zaidi: karibu jouli 3,350. Nayo bado ni silaha ya vita, na bado iko mbali na kazi ya nyati.

Upande wa raia kuna kaliba 12, bunduki ya mwindaji wa kawaida kote Kongo. Risasi zake zinapatikana. Kiwanda cha MACC cha Pointe-Noire, ng'ambo ya Brazzaville, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuzitengeneza. Kwa kanga, sungura na digidigi haina mpinzani. Shida inaanza pale mtu anapoweka ndani yake shevrotini, zile punje kubwa tisa, na kumwelekezea nyati. Kila punje ina uzito wa gramu 4 hivi na ni mviringo. Inasimama kwenye ngozi na misuli. Risasi moja nzito ya aina ya Brenneke, iliyobuniwa na Mjerumani huyo mwaka 1898, ni afadhali mara nyingi, lakini ni ya karibu sana, na ni ya risasi laini inayobonyea ikigonga mfupa mkubwa. Kuhusu pupu, bunduki za kienyeji zinazojazwa kwa mdomo, hakuna haja ya maneno mengi. Zinaumiza wanyama, na mara nyingine zinapasuka mikononi mwa mwenyewe.

Kwa hiyo kwa mtu anayetoka kwenye kaliba 12, .300 WSM inaonekana kama radi. Jouli 4,800! Ni zaidi ya mara mbili ya Kalashnikov. Hapo ndipo kosa linapoingia.

Namba zinazoruhusiwa, namba zinazokataliwa

Nchi kadhaa za kusini na mashariki zimeandika katika kanuni zao ni bunduki gani inafaa kwa mnyama gani. Tanzania inadai angalau kaliba .375 kwa wanyama hatari kama nyati, kiboko na simba. Zimbabwe imeenda mbali zaidi na kuhesabu nguvu. Kwa tembo, kiboko na nyati, risasi lazima itoe angalau jouli 5,300 na iwe na unene wa milimita 9.2. Kwa simba, twiga na pofu, jouli 4,300 na milimita 7.

Ukipitisha .300 WSM katika mlango huo, inaingia kwa pofu, inaingia hata kwa simba, lakini kwa nyati inafungiwa nje, mara mbili: nguvu haifiki na kichwa ni chembamba. Hata .325 WSM, nzito kuliko zote za Winchester katika jamii ya fupi, inatoa karibu jouli 5,200. Imebakiza kidogo. Lakini unene wake ni milimita 8.2, na hapo hakuna majadiliano.

Kwa nini unene na uzito, wakati nguvu imeandikwa kwenye boksi? Kwa sababu nguvu ya kwenye karatasi inahesabu mwendo mara mbili. Risasi nyepesi yenye mbio inapata alama nyingi kwa ajili ya mbio zake. Nyati hasomi alama hizo. Kati ya ngozi yake na moyo kuna misuli, mbavu pana zinazokaribia kugusana, na pengine mfupa wa bega. Moyo wenyewe uko chini sana kifuani, kuliko mtu aliyezoea kupiga mbuzi wa porini anavyofikiri. Risasi lazima ipite yote hayo bila kupinda na bila kupasuka, na bado iwe na uzito wa kuendelea. Kichwa cha .375 Holland & Holland, risasi ya London ya 1912, kina gramu 19.4 na kinatoka kwa mita 770 kwa sekunde. Ni polepole kuliko .300 WSM. Kinaingia ndani zaidi.

Mbio nyingi zina hatari nyingine. Risasi laini ya kawaida, ile ya kufunguka kama uyoga ndani ya mnyama, ikigonga mfupa mnene kwa mita 900 kwa sekunde na kwa umbali wa hatua 30, inaweza kufunguka mapema mno. Kidonda kinakuwa kikubwa juu na kifupi ndani. Na hatua 30 ndio umbali wa kawaida katika vichaka vya mto Lomami, wakati sifa ya .300 WSM ni kupiga mbali, ng'ambo ya bonde, kwa darubini.

Winchester ilishawahi kufanya kosa la ufupi

Wanaodhani hii ni hadithi mpya wangefaa kukumbuka 1956. Mwaka huo Winchester ilitoa .458 Winchester Magnum, na kwa lugha ya wakati ule nayo ilikuwa magnum fupi. Waingereza walikuwa na bunduki za mitutu miwili za bei ya gari, na risasi ndefu kama kidole cha kati. Winchester ilitaka kutoa nguvu hiyohiyo katika bunduki ya kawaida ya mtutu mmoja ambayo askari wa wanyama anaweza kupewa. Ili iingie katika chuma kilekile cha risasi ndogo za kawaida, ganda lilikatwa mpaka milimita 63 na nusu. Kichwa kilikuwa gramu 32.4, na ahadi ilikuwa mita 650 kwa sekunde, yaani jouli 6,800.

Ilishinda Afrika yote. Si kwa ubora peke yake: katika miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch cha Uingereza kilianza kuacha risasi kubwa za zamani, na wenye bunduki za mamilioni wakabaki na vyuma vya kutundika ukutani. .458 ilikuwepo madukani, ilikuwa rahisi, na idara za wanyama ziliichukua.

Kisha malalamiko yakaanza. Ganda lilikuwa dogo kwa kazi liliyopewa. Ili kufikisha mwendo ulioahidiwa, baruti ilishindiliwa mpaka haina nafasi ya kupumua, na baada ya miaka kadhaa katika joto la Afrika ilishikana kama sukari iliyopata unyevu. Risasi nyingine ziliungua nusu. Katika mitutu mifupi ambayo askari walipenda, mwendo ulishuka chini ya mita 600 kwa sekunde. Mara nyingi ilitosha. Siku ambayo haikutosha, mtu alikuwa mbele ya tembo.

Mmoja wa waliolipa ni Mmarekani Jack Lott. Mwaka 1959, huko Msumbiji, nyati alimjeruhi vibaya wakati akiwinda kwa .458. Alipopona alianza kutafuta ganda refu zaidi, na mwaka 1971 akatoa la kwake, milimita 71, linaloitwa mpaka leo .458 Lott. Kichwa ni kilekile, gramu 32.4. Mwendo ni mita 700, nguvu karibu jouli 8,000, na baruti haishindiliwi. Kitu pekee alichoongeza ni urefu wa ganda, milimita saba na nusu.

Winchester ilirekebisha baruti yake, na .458 ya leo si ile ya 1965. Haki itendeke. Lakini jina lilishachafuka, na wazee wa kazi hiyo kuanzia Zambezi mpaka Rufiji waliendelea kuweka boksi lao kivulini.

Lakini Bell alitumia risasi ndogo

Kila mara mjadala huu unapowaka kuna mtu anayemtaja Bell. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880 na kuitwa "Karamojo" kwa sababu ya safari zake za Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya Mauser ya milimita 7. Risasi hiyo ina jouli 2,750 hivi, karibu nusu ya .300 WSM. Alipita pia Lado, ile kona ya mto Nile iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II mpaka kifo chake Desemba 1909. Sehemu yake ya Mahagi imebaki Kongo mpaka leo. Kwa hiyo, wanasema, ukubwa wa risasi ni hadithi.

Wanasahau mambo mawili, matatu. Bell alipasua vichwa vya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila upande, na alikuwa mpiga shabaha wa kiwango ambacho watu wachache wanakifikia. Hakutumia risasi laini. Alitumia kichwa kirefu chenye ngozi ngumu ya chuma, kisichofunguka, kwa sababu alihitaji kitu kimoja tu, kupita mfupa kwa mstari ulionyooka. Urefu huo na ugumu huo ndivyo vilivyomfanyia kazi, pamoja na uvumilivu wa kuacha mnyama aende kama hakusimama vizuri. Na alikuwa mfanyabiashara wa meno katika wakati ambao tembo walijaa. Tembo wa Kongo leo analindwa na sheria, na hakuna mwenye permi yoyote wa kumfuata kwa ajili ya meno.

Hata hivyo Bell anawapa wenye risasi fupi hoja moja ya kweli. Kichwa cha risasi ndicho kinachoua; ganda ni mkokoteni wake tu. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 kampuni ya Barnes na wengine baada yake wanatengeneza vichwa vya shaba tupu, visivyo na risasi laini ndani, ambavyo vinafunguka bila kuvunjika. Kichwa cha aina hiyo katika .300 WSM kinaingia ndani kuliko kichwa laini cha bunduki kubwa zaidi. Kwa pofu, kwa korongo, kwa palahala, .300 WSM yenye kichwa cha shaba ni chombo kizuri, pengine bora kuliko .375 mikononi mwa mtu anayeogopa teke la bunduki yake.

Mambo ya mkononi

Na teke si jambo dogo. Wepesi unaosifiwa dukani unarudi begani. Bunduki ya kilo tatu inayotoa jouli 4,800 inampiga mwenyewe, na mtu aliyepigwa mara mbili anafumba macho mara ya tatu kabla ya kuvuta. Mwindaji wa Kamina hana sanduku la risasi mia za mazoezi. Anajifunza kwenye mnyama, na kope zake zinaamua mahali risasi itakapofika.

Kuna pia kulisha. Ganda la .375 limetengenezwa kama karoti: linapungua polepole kutoka kitako mpaka shingo, kwa hiyo linateleza ndani ya mtutu hata mkono ukitetemeka, na linatoka bila kugoma hata bunduki ikiwa na vumbi. Ganda la WSM ni kama chupa ya bia, mabega ya ghafla na ubavu ulionyooka. Bunduki nyingi za aina hiyo zinabeba risasi tatu ndani badala ya nne au tano, na baadhi zinakwama zikisukumwa haraka. Mbele ya swala, kukwama ni hasira tu.

Joto nalo lina neno. WSM zinafanya kazi kwa msukumo wa zaidi ya bar 4,400. .416 Rigby ya 1911 inatumia ganda kubwa sana na msukumo wa bar 3,250 tu, na haikuwa bahati: Waingereza waliiacha na nafasi kwa sababu walijua jua la Afrika linaongeza nguvu ya baruti, na ganda lililovimba halitoki. Kamina iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, usiku kuna baridi, lakini boksi lililokaa mbele ya kioo cha gari mwezi wa Septemba ni jambo lingine.

Hesabu ikiwekwa pamoja, jibu si gumu. Kwa nyati na kiboko, .375 inabaki mahali pa kuanzia, na zilizo juu yake, .416 na .458, ni za anayeweza kuzibeba na kuzipiga bila kufumba macho. Risasi fupi za kisasa ni za pala na swala wakubwa wa savana, kwa mtu anayeona mbali. Anayeingia kichakani nyuma ya nyati na .300 WSM kwa sababu karatasi ilimwambia "magnum" amenunua neno.

Sheria, mbuga na boksi la risasi 20

Bado kuna swali la mahali na ruhusa. Sheria ya 1982 inatofautisha permi ya uwindaji mdogo na ya uwindaji mkubwa, na ile ya mwanakijiji, na sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inamtaka mwenye bunduki awe na kibali cha bunduki yenyewe. Permi bila kibali cha silaha haimsaidii mtu barabarani. Na upande wa mashariki wa jimbo, ng'ambo ya Bukama na maziwa ya Lualaba, iko Mbuga ya Upemba, iliyoanzishwa 1939, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Humo ndimo walimobaki punda milia wa mwisho wa porini katika Kongo nzima. Ndani ya mipaka hiyo hakuna kaliba inayoruhusiwa, fupi wala ndefu. Nyati anayetoka mbugani akiwa na kidonda haachi historia yake mpakani, na walinzi wa ICCN wanaomfuata nyayo hawajui alipigwa na nini mpaka wampate.

Yule ambaye karatasi zake zote ziko sawa anabaki na hesabu moja. Kamina ni mji wa reli. Njia ya kutoka Lubumbashi inagawanyika hapo, moja ikielekea Kananga, nyingine Kabongo na Kabalo. Karibu kila kitu kinafika kwa treni au kwa lori, na risasi kubwa za kuwindia si kitu cha kuagiza Jumatatu na kupokea Ijumaa. Boksi la .375 lina risasi 20. Nne zinakwenda kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kichuguu, kuhakikisha darubini haikuhama kwa sababu ya mashimo ya barabara. Nne nyingine ni za kuzoeza bega, kwa kusimama wima na sio kulala juu ya mfuko wa mchanga. Mbili zinabaki mfukoni, ngumu zisizofunguka, kwa ajili ya mnyama anayerudi. Kumi zilizobaki ni za msimu mzima.